Safari ya Mutomo na Ngozi ya Maji

Kwa miaka mingi niliamini, bila tone la shaka, kwamba maji yana ngozi, na kwamba kwenye mashindano makubwa ya dunia ya kuruka majini kuna mtu aliyeajiriwa, ana koti na kitambulisho cha shingoni, ambaye kazi yake ni kuyachuna. Anayachuna kama mbuzi anavyochunwa, ila yeye hana kisu. Anatumia mfereji mwembamba unaorusha matone juu ya bwawa. Asipofanya hivyo, mrukaji akishuka kutoka juu atagonga ile ngozi afe kama aliyeangukia lami. Habari hii niliipata kwa kinyozi mmoja wa Kasikeu, kwetu Makueni, ambaye tuliyatazama mashindano hayo kwenye runinga yake, naye aliipata kwa mteja aliyewahi kufua mashuka katika hoteli ya Mombasa. Sikuiacha kama nilivyoipata. Niliiongezea sayansi.

Maana mimi ni mtu wa cheti. Shule ya mchana ilinishinda utotoni kwa sababu ya mbuzi wa baba, lakini nilipofika miaka thelathini na nne niliingia gumbaru, yale masomo ya jioni ya watu wazima, nikakaa kwenye dawati la mtoto wa miaka tisa mpaka magoti yakaota sugu, nikatoka na cheti cha kidato cha nne. Siku niliyokipokea Kasikeu nzima ilisimama, na ng'ombe wakaacha kula. Katika masomo hayo mwalimu alituonyesha sindano ikielea juu ya bakuli la maji, akasema maji yana kitu kama ngozi. Basi nikaunganisha sindano ya mwalimu na mfereji wa runinga. Nikaeleza sokoni, nikaeleza kanisani baada ya ibada, nikaeleza mpaka Tawa nilipokwenda kupiga dawa ya maembe, maana hiyo ndiyo kazi yangu: napita mashambani na bomba la dawa mgongoni. Watu wakaanza kuniita Mwalimu. Nani angebishana na cheti?

Aliyeniamini kuliko wote ni Mutua, mtoto wa shangazi yangu, na hii ni habari ya safari niliyofanya kwenda kwao Mutomo, upande wa Kitui, miaka mitatu baada ya yeye kuvunjika shingo.

Alhamisi, saa moja asubuhi, simu ililia nikiwa juu ya mwembe wa watu. Alikuwa Shangazi Syombua, mama yake Mutua.

"Kyalo, wewe ni mzima?"

"Mzima kabisa, shangazi. Nikiongeza uzima kidogo nitapasuka."

"Haya. Mzima ndiye hutembelea mgonjwa."

Nikalishika tawi kwa mikono miwili, simu begani.

"Mutua anasema Jumamosi kuna fainali ya wale wa kuruka," akaendelea. "Wanaume, ubao wa mita tatu. Anataka muione pamoja. Mimi nilimwambia huyo hatakuja. Akasema nikupigie tu."

Nilishuka kwenye mti nikakaa chini. Miaka mitatu sikuwa nimekanyaga Mutomo. Nilituma salamu, nilituma sukari, nilituma maembe makubwa kama vichwa vya watoto, lakini mwenyewe sikwenda, na sababu nitaieleza hapa ili msomaji aijue tangu mwanzo, kwa kuwa safari yote niliifanya nikiwa nimeibeba.

Mutua alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alikuja Kasikeu kufanya kazi kwenye kibanda kilichopakana na kinyozi, na hapo ndipo tulipowaona pamoja wale wanaume wa kuruka. Wanatembea juu ya ubao hatua tatu, wanaruka kidogo, ubao unapinda na kuwatupa juu, wanajikunja, wanajizungusha, halafu wanaingia majini bila kelele. Mutua aliinuka kwenye kiti akiwa amenyolewa nusu kichwa. "Hiyo ubao mimi naweza kutengeneza," akasema. Na kweli aliitengeneza. Kwao kuna jiwe kubwa kama mlima, na chini ya jiwe watu walijenga ukuta wa kuzuia maji ya mvua, pakawa bwawa. Juu ya ukuta ule akafunga springi za lori, na juu ya springi akafunga mbao. Ukikanyaga, ubao unanesa kama wa Ulaya. Mimi nikaitwa kuwa mchunaji, kwa kuwa nina bomba.

Mara mbili nilikwenda, mara mbili akaruka salama, na mara zote mbili nilijipa sifa. Mara ya tatu ilikuwa Jumapili baada ya mvua kubwa. Bwawa lilijaa hadi ukingoni, rangi ya chai ya maziwa. Watu walikuwa elfu kumi, yaani labda arobaini. Nilisimama ukutani, nikapiga pampu mara tatu nne, halafu mtu mmoja akaniuliza habari za nyoka niliyemuua Kathonzweni, nikageuka kumweleza. Yule nyoka hurefuka kila nikimsimulia. Alikuwa amefika mita tano niliposikia ubao ukilia.

Mutua aliingia vizuri kuliko siku zote. Watu wakapiga makofi. Halafu akaibuka kifudifudi, na makofi yakaendelea kidogo kabla ya kukoma. Tulipomtoa alikuwa na mchanga kwenye paji la uso. Nilidhani ameupata pale tulipomlaza. Tukampakia kwenye pikipiki, dereva mbele, Mutua katikati, mimi nyuma nimemkumbatia, kichwa chake kikiyumba begani mwangu njia yote mpaka hospitali. Daktari aliuliza ni nani amembeba hivyo.

Kwa hiyo nilikuwa na maneno matano ya kumwambia, na kwa miaka mitatu hayakutoka: siku ile sikumaliza kunyunyiza maji.

Ijumaa asubuhi, Kasikeu. Mke wangu alinifungia maembe kwenye gunia, na kilo nne za ndengu, na mche wa sabuni. Bomba niliacha limetundikwa kwenye msumari wake. Mlangoni akanirekebisha kola ya shati.

"Usiende kuchekesha watu huko," akasema.

"Mimi ni mtu mzito, mama."

"Uzito wako naujua. Usiende kuchekesha."

Saa nane mchana, Emali. Ilikuwa siku ya mnada wa mifugo, na vumbi lilikuwa jingi hivi kwamba ng'ombe mweupe alinunuliwa akiwa mwekundu. Hapo nilimtafuta Abdi, mfanyabiashara ambaye nyumbani kwao hasa ni Garissa lakini duka lao liko Mwingi. Huleta mifugo mnadani na kurudi na lori tupu kupitia Kibwezi na Kitui, na huninunulia maembe kila msimu. Alikuwa ameshauza ng'ombe wote na kuswali. Akanionyesha kiti cha mbele.

"Mwalimu, leo unakaa na mimi. Huko nyuma kuna mavi."

Barabara kuu ya Mombasa niliipita nikiongea. Nilimweleza Abdi juu ya embe moja la Tawa lililobebwa na wanaume wawili. Nilimweleza juu ya kiangazi ambacho kuku walitaga mayai ya kuchemshwa. Abdi hucheka bila kutoa sauti, mabega tu. Tulipofika Kibwezi na kukata kushoto, mashamba ya mkonge yakabaki nyuma, akaniuliza naenda kumwona nani.

"Mgonjwa."

"Mgonjwa wa nini?"

Tulikuwa tumefika daraja la Athi. Maji yalikuwa machache katikati ya mchanga mwingi, na wanawake walikuwa wamechimba visima vidogo wakijaza mitungi ya punda. Nikamwambia yote, pamoja na yale maneno matano. Ilikuwa mara ya kwanza kuyatamka, na niliyatamka nikitazama nje ya dirisha. Abdi aliendesha mpaka ng'ambo ya daraja.

"Hayo maji yalikuwa kiasi gani?"

"Yalijaa."

"Yalijaa ni juu. Mimi nauliza chini."

"Abdi, bwawa lilijaa mpaka ukingoni. Mimi nilikuwa nimesimama pale."

Akainua mkono mmoja kutoka kwenye usukani, kama mtu anayeacha jambo. Nami nikajiambia moyoni: huyu mtu wa nchi kavu, baba yake alichota maji kwa ngozi ya mbuzi, atanifundisha nini kuhusu kuruka majini? Kutoka hapo mpaka Ikutha nilitazama nje. Udongo ulikuwa mwekundu, mizinga ya nyuki imening'inia kwenye migunga, magunia ya makaa yamepangwa kando ya barabara, na kila tuliyempita alikuwa amebeba kitu.

Jua likishuka, Mutomo. Abdi alinishusha kwenye njia ya kwa shangazi, akasema atapita tena Jumatatu, safari hii akishuka na mzigo wa mbuzi, nimsubiri hapo hapo. Nilitembea na gunia langu kama mtu anayepelekwa kortini. Shangazi Syombua alikuwa akifagia uwanja. Amepungua. Mikono yake tu ndiyo imekuwa minene, na kabla ya kulala nilijua kwa nini.

"Umekuja," akasema.

"Nimekuja, shangazi."

"Ingia kabla hujabadilisha mawazo."

Mutua alikuwa kitandani karibu na dirisha, miguu miembamba chini ya shuka, mikono imelala kama ya mtu mwingine. Simu yake ilining'inia mbele ya uso wake kwenye mkono wa chuma uliotengenezwa kwa spoki za baiskeli. Aliwaelekeza mafundi wa soko kwa mdomo, hatua kwa hatua, mpaka wakaupata. Kidole kimoja cha mkono wa kulia kinajikunja kidogo, na kwa kifundo cha kidole hicho hugusa kioo.

"Mwalimu," akasema. "Umenenepa. Hayo maembe ya watu unapiga dawa ama unakula?"

"Napiga dawa nikiwa nayala."

Akacheka. Nami nikacheka, na kicheko changu kilikuwa kirefu kuliko kinavyofaa, kikabaki peke yake chumbani.

Baada ya kula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, shangazi akasema, "Njoo ushike hapa." Kila baada ya saa chache Mutua hugeuzwa, mchana na usiku, miaka mitatu. Nikashika bega, yeye akashika nyonga. Alikuwa mwepesi. Mgongoni, chini, kulikuwa na kidonda ambacho ngumi yangu ingeingia, na hapa sizidishi. Shangazi alikiosha kwa maji ya chumvi akiimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini. Mutua alitazama ukuta.

"Uchungu?" nikamuuliza.

"Hapo sisikii kitu. Ni mama ndiye anasikia."

Jumamosi, saa tisa alasiri. Mvua za mwisho wa mwaka zilikuwa zimeisha na nje kulikuwa na jua la kukausha ndengu. Nilivuta kiti karibu na kitanda, vichwa vyetu vikiwa pamoja chini ya ile simu. Fainali ikaanza. Wanaume kumi na wawili, kila mmoja miruko sita. Wamevaa kaptura ndogo ambazo mke wangu angezipeleka kwa mchungaji, na kila mmoja ana kitambaa kidogo cha kujifutia kama cha kufutia miwani.

Mutua aliwajua wote. Alijua nani anaogopa mruko wa kinyumenyume, nani alivunjika kifundo mwaka jana, majaji wanakata nini. Mtu anaingia majini, mimi nasema, "Huyo ni malaika," yeye anasema, "Hapana, amezidi kupinduka. Miguu imepita. Ngoja uone." Alama zikija ni kama alivyosema. Mmoja wao, kijana mwembamba mwenye bandeji begani, alisimama mwisho wa ubao akiyapa maji mgongo, visigino nje, akanesa mara moja, na ubao ukamtupa juu. Akajikunja, akazunguka mara mbili na nusu. Kidole cha Mutua kilijikunja naye. Nilikiona. Mwili wote ulikuwa kimya, na kile kidole kimoja kiliruka.

Kila mara kamera ilipoonyesha bwawa, matone yalikuwa yakinyunyizwa juu ya maji, pasipo kukoma. Hakuna aliyegeuka kueleza habari za nyoka.

"Mutua," nikasema.

"Mm."

"Siku ile sikumaliza kunyunyiza maji."

Hakugeuza macho. Mtu mwingine alikuwa anapanda ngazi.

"Nilipiga pampu mara nne tu," nikaendelea. "Nilikuwa naongea. Ngozi haikuwa imechunika. Ni mimi nimekuweka hapa. Nilitaka kukuambia mwaka wa kwanza, nikashindwa, na mwaka wa pili nikashindwa kwa sababu nilikuwa nimeshindwa mwaka wa kwanza."

"Hiyo ndiyo ulikuwa umebeba miaka yote?"

"Ndiyo hiyo."

"Najua ulikuwa unaongea. Watu walinieleza. Hata nyoka nilielezwa, kwamba alikuwa mita tano." Akainua kidevu kuielekea simu. "Tuangalie huyu kwanza. Huyu ni mzuri."

Tukamwangalia. Sikuona kitu. Nilikuwa nimejiandaa kwa laana, nimejiandaa kwa machozi, hata kwa msamaha nilikuwa nimejiandaa, na nikapewa mruko wa mtu. Fainali ilipoisha na wale watatu wa mbele wakavishwa medali, ndipo Mutua akasema:

"Kesho baada ya kanisa, uende kwa jiwe. Uangalie, halafu urudi uniambie umeona nini."

"Kuna nini kwa jiwe?"

"Angalia tu. Unaweza kuangalia bila kusema kitu?"

"Naweza."

Shangazi, mlangoni, akatoa sauti kwa pua.

Jumapili, saa saba. Ibada ilikuwa ndefu, mchungaji akaombea wagonjwa kwa majina, na jina la Mutua lilipotajwa watu waliitikia kama kitu kilichozoeleka. Kutoka kanisani nikapanda njia ya jiwe. Kabla sijafika nikasikia sauti ambayo miaka mitatu nimekuwa nikiisikia usingizini: ubao unalia.

Ubao ulikuwa mpya. Springi zilikuwa mpya. Vijana saba wanane walikuwa juu ya ukuta, na bwawa limejaa hadi ukingoni, rangi ya chai ya maziwa. Mmoja, mwendesha boda anayeitwa Musyoka, mwenye mabega kama mlango, alinisalimia vizuri.

"Karibu, mzee. Umekuja kuona show?"

"Nimekuja kuangalia."

"Angalia, hapa ni bure. Leo naruka ile ya kupinduka mara mbili. Asubuhi niliruka upande ule, sahii tumehamisha ubao hapa, ndio picha zitoke na jiwe nyuma."

Wawili walikuwa wamepiga magoti na majagi ya plastiki, wakichota maji ya bwawa na kuyamwaga tena bwawani kwa mpigo, chini ya ubao. Walihesabu kwa sauti.

"Hao wanafanya nini?" nikauliza, ingawa nilikuwa nimeshajua.

"Wanachuna," Musyoka akasema. "Maji huwa na ngozi, mzee. Usipochuna, inakuua. Hiyo ni sayansi. Kuna mwalimu wa Makueni alileta hiyo kitu hapa. Majagi saba kwa kila mruko."

"Na Mutua wa Syombua?"

"Huyo hakuchuniwa poa. Mchunaji wake alikuwa anachekesha watu." Akatikisa kichwa. "Huyo buda, mzee mzima, alimaliza mtu kwa mdomo."

Hawakunijua. Nilikuja na kofia ya kanisa, na miaka mitatu imeninenepesha. Ningeweza kurudi vile vile, na mdomo umefungwa, kama nilivyoahidi. Lakini niliwatazama wale vijana wa watu, nikaona majagi saba ni machache, na nikafikiri Mungu amenileta pale nirekebishe kosa langu.

"Ongezeni," nikasema. "Majagi kumi na nne. Na msiache kumwaga mpaka awe ameingia. Hata mtu akiwauliza kitu, msigeuke."

"Umesikia mzee?" Musyoka akawaambia. "Kumi na nne."

Nikashuka mlima nikiwa mwepesi kama pamba. Karibu niimbe. Nilifika kwa shangazi nikijua kwamba nimeokoa maisha ya watu.

"Umeona nini?" Mutua akauliza.

Nikamweleza, kuanzia ubao mpya hadi majagi.

"Na ulisema nini?"

"Kidogo tu. Niliwaambia waongeze. Kumi na nne."

Mutua akafumba macho. Nilidhani amechoka. Alipoyafumbua aliita, "Mama, ule ufito wa kuangulia mapapai uko wapi?"

"Nyuma ya choo."

"Mpatie." Halafu kwangu, taratibu, kama anavyowaelekeza mafundi wake: "Kyalo. Chukua huo ufito. Kimbia. Usiongee na mtu njiani. Simamisha hao watu, usimamishe huo ufito kwa maji, chini ya ubao, mbele ya macho yao. Kimbia sasa."

Nimewahi kusema mahali pengi kwamba nilikimbia nikampita swara. Siku hiyo sikumpita mtu. Nilikimbia kama mwanamume wa miaka arobaini na sita mwenye tumbo na ufito wa mita nne, nilianguka mara moja, na goti langu lina alama. Njia nzima nilisikiliza. Ubao ulilia mara moja nikiwa mbali, nikasimama, nikasikiliza makofi. Hayakuja. Alikuwa anaujaribu tu.

Nilipofika juu Musyoka alikuwa ameshavua shati, amesimama mwisho wa ubao akinesa. Wenye majagi walikuwa wanahesabu kumi na moja, kumi na mbili. Hawakugeuka, kama nilivyowafundisha.

"Shuka," nikasema. Sauti haikutoka. Nikapanda ukuta, nikashika ubao kwa mkono. "Shuka, Musyoka. Mimi ndiye yule wa Makueni."

Majagi yakasimama. Musyoka akarudi nyuma hatua mbili, akanitazama kutoka kofia hadi viatu.

Nikaushusha ufito chini ya ubao. Nilitarajia uzame mpaka unitoke mkononi. Ulishuka kidogo, ukagota. Nikausukuma, ukaingia kwenye kitu laini kiasi cha kidole, ukakataa. Nikautoa na kuusimamisha kando yangu ukutani. Alama ya maji ilinifika kiunoni. Chini ya alama, kwenye ncha, kulikuwa na mchanga.

"Jaribu pale," mtu akasema. Nikajaribu pale. Kiuno. "Na pale." Upande ule Musyoka alikoruka asubuhi, alama ilinifika kichwani na zaidi. Hatua nne kutoka pale, kiuno. Mvua ilikuwa imeshusha mchanga kutoka kwenye jiwe na kuumwaga upande mmoja, na maji yakalala juu yake, yamejaa vizuri, huwezi kujua.

Nikakumbuka mchanga kwenye paji la uso wa Mutua. Nikakumbuka pia kwamba siku ile mkononi nilikuwa nimeshika fimbo ya bomba, ile ndefu ya kupigia dawa matawi ya juu, nimeielekeza juu ya maji, dakika nzima.

Musyoka alikaa juu ya ukuta akavaa shati yake, vifungo vikikataa. Hakuna aliyesema neno la kunitukana. Ningependa wangenitukana. Baadaye mmoja akaenda kuleta spana, wakafungua boliti nne, na ubao tukaubeba mimi na Musyoka mpaka kwa shangazi, naye akauegemeza kwenye ukuta wa jikoni. Ule ufito waliubakisha kule, wameufunga kwa waya kwenye ukuta.

Jumatatu, saa mbili asubuhi. Abdi alipiga honi kutoka barabarani, na mbuzi wake wakamjibu. Nilikuwa nimemaliza kumgeuza Mutua kwa mara ya mwisho, mikono yangu ikinuka chumvi. Shangazi alikuwa amenifungia asali. Nikasimama kando ya kitanda na kofia mkononi.

"Ulijua tangu lini?" nikamuuliza.

"Mwaka wa kwanza. Nilikuwa na wakati wa kusoma."

"Kwa nini hukuniambia kwa simu?"

"Kwa simu ungefika nayo sokoni imeota pembe. Na hawa wa hapa nimewatumia mama mara mbili, awaambie wapime maji. Wanasema ni uchungu wa mgonjwa, mwalimu alisema vingine. Ilibidi uje mwenyewe."

Honi ikalia tena. Nilipaswa kwenda. Lakini kulikuwa na jambo moja nililokuwa bado nimelishikilia, ingawa ni aibu kulisema, kwa kuwa tulikuwa tumeliona kwa macho yetu, Jumamosi, mbele ya dunia nzima.

"Lakini Mutua, wale wa mashindano. Yale matone. Mbona wananyunyiza?"

Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka, na kidole chake kilikuwa kimelala juu ya shuka.

"Maji yakitulia hayaonekani kutoka juu," akasema. "Wananyunyiza ndio mrukaji aone maji yako wapi. Hiyo tu."